Ufalme wa Mama, Ngome ya Baba

Mwanangu alikuwa na siku nane mama yangu alipopendekeza aitwe Mumia. Tulikuwa sebuleni kwangu, Kayole, chai imeshamiminwa, mtoto amelala kifuani kwa mke wangu. Baba alikuwa anatafuta rimoti ya televisheni. Akaacha kuitafuta.

"Hilo jina," akasema, "halitalala kwa nyumba yangu."

Nyumba ni yangu na kodi nalipa mimi, lakini nilinyamaza. Kuna mambo ambayo mtu hamjibu babake. Mama naye hakusema kitu. Alichukua kikombe chake akaenda jikoni, na kwa wiki nzima simu zao zote zilipitia kwangu. "Mwambie babako." "Mwambie mamako."

Nieleze kidogo. Mama ametoka kwa Wawanga, upande wa Matungu, kaunti ya Kakamega. Baba ni Mbukusu, na kwao ni karibu na kilima cha Chetambe, Webuye. Wote ni Waluhya. Ukiwakuta wakila ugali kwa mrenda huwezi kujua nani ametoka wapi. Wameoana miaka thelathini na kitu, wamejenga, wamesomesha, wamezika wazazi pamoja. Lakini mwaka 1895 watu wa mama waliandamana na Waingereza kwenda kupiga watu wa baba, na mfalme wa watu wa mama wakati huo aliitwa Mumia. Ndiyo maana rimoti ilisahaulika.

Mimi, kusema kweli, nilijua hadithi hii kwa kiwango cha mtihani tu. Shuleni tulipewa orodha mbili. Hawa walipinga wakoloni: Wanandi, Wabukusu, Wagiriama. Hawa walishirikiana nao: Wawanga, Mumia. Taja sababu tano, upate alama tano, usonge mbele. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza mtoto aliyezaliwa na orodha zote mbili anakaa dawati gani.

Basi nikaanza kusoma, na baadaye nikapanda matatu kwenda Matungu kumuona nyanya yangu, ambaye sisi humwita kukhu. Niliyoyapata ndiyo haya.

*

Tuanze na majigambo. Ukiwa Mumias utaambiwa kwamba Wanga ndio ufalme pekee uliokuwa Kenya kabla ya mkoloni. Watu wa Lamu wakisikia hivyo watacheka. Pate ilikuwa na masultani wake kwa karne nyingi, na Witu ilikuwa na wake mpaka Waingereza walipoivamia mwaka 1890. Lakini ukisema bara, mbali na bahari, hapo Wawanga wana hoja. Majirani wao wengi waliongozwa na wazee wa koo na mabaraza, kila mlima na mzee wake. Wawanga walikuwa na kiti kimoja, na aliyekikalia aliitwa Nabongo.

Ulikuwa ufalme mdogo. Hili tulishike, kwa sababu kila kitu kilichofuata kinatokana nalo. Sehemu yake kubwa leo iko ndani ya maeneo bunge ya Mumias Mashariki, Mumias Magharibi na Matungu, karibu na mto Nzoia. Mtu mwenye miguu mizuri angeuvuka kwa siku moja au mbili. Ukiulinganisha na Buganda, ng'ambo ya ziwa, ni kama duka la mtaani mbele ya supamaketi.

Masimulizi ya jinsi ulivyoanza yananipendeza. Mtu aitwaye Wanga, anayesemwa kuwa wa damu ya watawala wa magharibi, alifika Imanga kama mgeni asiye na kitu. Akapokewa na mtawala wa ukoo wa Abamuima, akapewa kazi ya kuchunga ng'ombe. Alikuwa amevaa bangili ya shaba, alama ya utawala, na akaificha. Siku ilipoonekana, watu wakajua kwamba huyu mchungaji si mchungaji. Mwisho wa hadithi unaujua: aliyepokewa akawa mwenye nyumba, na mwenye nyumba akawa wa kupokea amri. Tangu hapo Nabongo alitoka katika ukoo wa Abashitsetse, watu wa Wanga.

Kukhu alinisimulia hiyo hadithi akichambua mboga. Alipofika mwisho akacheka. "Unaona? Sisi wenyewe tuliingia kwa mlango wa nyuma."

*

Maisha ndani ya ufalme huo hayakuwa kama sinema, mfalme akipiga makofi na watu wakianguka kifudifudi. Koo zilibaki na wazee wao, na kila eneo dogo lilikuwa na kiongozi wake, liguru, jina ambalo vijijini bado linatumika. Nabongo alipokea zawadi na mazao, alisikiza kesi zilizowashinda wazee, na aliamua mambo ya vita. Lakini hakuweza kutawala bila wazee wa koo. Kurithi kiti pia hakukuwa mambo ya kifungua mimba kwenda moja kwa moja. Ndugu waligombana, na wakati mwingine wakaachana kabisa: tawi moja lilijitenga likawa Wanga Mukulu, Wanga wa juu, na likabaki na watawala wake.

Watu walilima wimbi na mtama, wakafuga ng'ombe. Majembe ya chuma yalitoka kwa wahunzi wa Samia, na jembe lilikuwa mali ya kuhesabika, unaweza hata kulipeleka kwa wakwe. Mji wa mfalme, Elureko, ulizungushiwa ukuta wa udongo na handaki, kama miji mingi ya sehemu hizo. Ukuta si pambo. Ukijenga ukuta ina maana una majirani unaowaogopa, na Wawanga walikuwa nao. Wajaluo wa Ugenya waliwabana kwa miaka mingi. Ndiyo sababu Nabongo alikodi wapiganaji wa Kimaasai kutoka Uasin Gishu. Tangu zamani, basi, ufalme huu ulikuwa na tabia ya kuazima nguvu za watu wa nje.

Kwenye dini, watu wa mama na watu wa baba walikuwa karibu kitu kimoja. Mama anamwita Mungu Were, baba anasema Wele, na hiyo ndiyo tofauti unayoisikia kwanza. Ni muumba, yuko juu, anatoa mvua na watoto. Chini yake, karibu zaidi na watu, kuna emisambwa, roho za waliotangulia, ambao hawajaenda mbali. Mzee wa boma alikuwa na sehemu yake ya kutambikia uani. Babu yangu wa Chetambe, ingawa alikuwa na kadi ya kanisa, aliamka kabla ya jua, akasimama mlangoni akitazama mashariki, akatema mate kidogo hewani na kuomba siku iwe njema. Tukiwa watoto tulidhani anasafisha koo.

Kwa Wawanga, Nabongo alikuwa ndani ya mambo haya, si mtu wa vita peke yake. Alitoa kafara kwa niaba ya nchi yote, kama vile baba anavyotoa kwa niaba ya boma. Wafalme walizikwa Matungu, na kaburi la mfalme halikuwa shimo tu bali mahali pa kuzungumza na waliotangulia. Ukimwita mtu Nabongo hukuwa unasema "bosi". Ulikuwa unasema huyu ndiye anayetuombea.

Na majina nayo ni dini. Zamani mtoto akilia usiku bila kunyamaza, wazee walitaja majina ya marehemu mmoja baada ya mwingine. Likitajwa la anayemtaka mtoto, mtoto ananyamaza. Jina si kibandiko. Unamkaribisha mtu arudi nyumbani. Nilipolielewa hilo ndipo nilipomwelewa baba. Yeye alisikia kwamba mama anataka Mumia aingie, avue viatu, akae.

*

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani ilianza kufika Elureko. Mfalme wakati huo alikuwa Shiundu, baba ya Mumia. Walikuja kutafuta pembe za ndovu, na walikuja kutafuta watu pia. Tusilirembe hili: biashara ya utumwa ilipita hapo, na waliochukuliwa wengi walikuwa wa jamii za jirani. Ufalme ulipata nguo, shanga na bunduki. Ulipata pia Uislamu, ndiyo maana Mumias hadi leo ni kitovu cha Waislamu wa magharibi ya Kenya, na utasikia adhana katikati ya mashamba ya miwa. Ukapata na Kiswahili. Hii lugha ninayokuandikia, kwa kina mama ilifika ikiwa imepanda mgongoni mwa msafara.

Joseph Thomson, Mskoti aliyevuka nchi ya Wamaasai, alifika mwaka 1883. Misafara ilikuwa inapaita pale Kwa Sundu, yaani kwa Shiundu, lakini Shiundu alikuwa amefariki na kiti kilikuwa na kijana, Mumia. Mwaka 1885 akapita Askofu James Hannington akielekea Buganda. Aliuawa Busoga, mwezi huohuo wa Oktoba. Mwaka 1889 akaja Frederick Jackson na msafara wa kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, akapatana na Mumia kwa mkataba na bendera. Kisha Jackson akaenda kaskazini kuwinda ndovu, na mapema mwaka 1890 akafika Mjerumani Carl Peters, akafungua barua za Jackson, akazisoma, halafu akakimbilia Buganda kumtangulia. Huu ndio ustaarabu tuliokuwa tunaletewa.

Sasa jiweke mahali pa Mumia. Wewe ni mfalme kijana wa nchi ndogo. Ugenya wanakusukuma. Ndugu zako wa Wanga Mukulu hawakutambui. Kwa miaka ishirini na zaidi umezoea hivi: mgeni anakuja na bunduki, unampa chakula na mahali pa kulala, yeye anakupa nguvu juu ya jirani, kisha anaondoka. Mzungu akifika, utajuaje kwamba huyu haondoki?

Mimi sidhani alijua. Ila ufalme ulioanzishwa na mgeni mpole aliyeficha bangili ungeweza kushtuka mapema kidogo.

*

Mwaka 1894 Uingereza ilitangaza himaya ya Uganda, na Mumias ilihesabiwa humo. Ndiyo, kabla ya mwaka 1902 kwa kina mama kulikuwa Uganda. Mpaka ulihamishwa wakiwa wamelala, wakaamka upande ambao baadaye ungeitwa Kenya.

Kituo cha Waingereza kikawekwa karibu na mji wa Mumia. Askari wa Kisudani waliokuwa wakihudumu huko walitoroka na bunduki, na bunduki zikaishia mikononi mwa Wabukusu. Kikosi kilichotumwa kuzirudisha kikauawa. Mwaka 1895, C. W. Hobley, ofisa mpya wa Mumias, akakusanya jeshi la kulipiza: askari wa Kisudani, Waganda, Wamaasai, na watu wa Mumia.

Wabukusu walijifungia ndani ya ngome zao, kwanza Lumboko, kisha Chetambe, nyuma ya ukuta wa udongo na handaki. Ukuta huo ulitosha kuzuia mikuki. Haukujengwa kwa ajili ya bunduki ya Maxim. Watu wengi walikufa. Ng'ombe walichukuliwa, wanawake na watoto wakatekwa. Nikiwa mdogo baba alinipeleka pale juu, akanionyesha mahali handaki lilipokuwa, akasimama muda mrefu bila kusema kitu. Mimi nilikuwa nataka soda.

Baada ya hapo Mumia akakua. Waingereza hawakuwa na watu wa kutosha wala pesa za kutosha. Walikuwa wameona Buganda jinsi mfalme mmoja anavyorahisisha kazi: unamshika yeye, umeshika nchi. Magharibi hapa walipata mfalme mmoja tu, mdogo, wakamvuta kama chapati mpaka afunike sahani nzima. Jamaa wa Mumia wakatumwa kuwa machifu wa watu ambao hawakuwahi kuwa chini ya Nabongo. Murunga, ndugu yake wa baba, akapelekwa kwa Wabukusu wa Kimilili. Mulama akapelekwa Marama. Mwaka 1909 Mumia mwenyewe akatangazwa chifu mkuu wa North Kavirondo yote.

Hapa ndipo hasira ya baba ilipo, na nimechelewa kuielewa. Vita viliisha. Kilichobaki ni chifu wa kigeni anayekusanya kodi ya nyumba, anayechagua nani atatolewa kwa kazi ya lazima, anayekaa kwenye kesi yako ya shamba. Anaitwa mtu wa Mumia. Babu wa baba hakumwona mfalme wa Uingereza hata siku moja. Alimwona mtu wa Mumia.

Kwa hiyo ukionyeshwa ramani ya ufalme wa Wanga ukiwa umemeza magharibi nzima, uliza ni ya mwaka gani. Ufalme wa Shiundu haukuwa hivyo. Ramani kubwa ilichorwa kwa wino wa Waingereza, na kwa wino huohuo ikafutwa. Reli ilipofika ziwani mwaka 1901 ilipita mbali, Kisumu, na njia ya misafara iliyoilisha Elureko ikakauka. Mwaka 1920 makao ya wilaya yakahamishwa Kakamega. Mwaka 1926 Mumia akastaafishwa. Aliishi mpaka mwaka 1949, mzee sana, mfalme ambaye serikali haikuwa na kazi naye tena.

*

Kuna jambo lingine ambalo halikuwa kwenye mtihani wetu. Wakati Mumia anazeeka, upande wa baba alitokea Elijah Masinde. Aliwahi kuichezea Kenya soka, kombe la Gossage, mwaka 1930. Kisha akawa kiongozi wa Dini ya Msambwa, akiwaambia watu warudi kwa Wele na kwa waliotangulia, na wazungu waende kwao. Mwaka 1947 alikusanya watu Chetambe kuwakumbuka waliouawa mwaka 1895. Mwaka 1948 polisi waliwapiga risasi wafuasi wake Malakisi, na dini ikapigwa marufuku.

Angalia neno hilo, msambwa. Ni zilezile roho ambazo Nabongo aliziombea nchi yake. Upande wa mama, mwombaji mkuu alifanywa chifu, akakabidhiwa kodi na madaftari. Upande wa baba, watu wasiokuwa na mfalme walichukua maombi yaleyale wakayafanya kuwa upinzani. Katika miaka ya 1930 na 1940 watu hawa walipoanza kujiita kwa jina moja, Abaluyia, hawakuchukua jina la ufalme wala la mfalme. Walichukua jina linalotokana na oluyia, mahali pa moto, pale wazee wanapokutana asubuhi na kila mtu anakaa.

Leo Wawanga bado wana Nabongo. Katiba ya mwaka 2010 haina kiti chake, lakini wanasiasa wakija kutafuta kura wanajua mlango wa kubisha. Sina shida naye. Ninachotaka ni tuukumbuke ufalme kwa ukubwa wake halisi. Ule mdogo, wa kuvukwa kwa siku mbili, wa mfalme anayesikiza kesi na kuombea mvua, huo naweza kujivunia mbele ya mtu yeyote, baba akiwemo. Ule mkubwa ulikuwa wa kuazima, na waliolipa deni ni majirani.

Nilimuuliza kukhu kama Mumia alikosea. Alikuwa msichana mdogo Mumia alipofariki. Alifikiria kidogo, vidole bado kwenye mboga. "Alituokoa sisi," akasema. "Kwa ng'ombe za wengine." Halafu akaniuliza kama nimekula.

Niliporudi Nairobi niliwaambia wazazi wote wawili niliyosoma, kila mmoja peke yake, kama mjumbe niliyekuwa nimeshazoea kuwa. Mama hakufurahia sehemu ya Murunga. Baba hakufurahia sehemu ya Ugenya. Alisema kila mtu ana majirani, si kila mtu anaita bunduki. Ana haki ya kusema hivyo.

Mtoto tumemwita Wafula, kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha. Ndilo lililoandikwa kwenye cheti. Lakini mama akibaki naye chumbani, akidhani tuko mbali, humwita Mumia, polepole, na mtoto hunyamaza. Baba huwa ameketi sebuleni, mlango wazi. Anaongeza sauti ya televisheni kidogo tu, isimwamshe mtoto.